Ndimi za Mama La

Wifi yangu alikuwa na kisu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukatia kitu cha kuliwa. Kaka yangu, mumewe, aliwahi kukatia kitunguu mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Alikila kitunguu hicho kwa raha zake, halafu akakaa juma zima bila mtu wa kusema naye mezani. Kisu kile kilikuwa cha kuchongea ndimi. Si ndimi za watu, ingawa kaka anasema siku ile aliogopa hivyo.

Wifi alikuwa mpiga zumari katika okestra ya jiji, wale wanaopiga muziki wa kusomwa kwenye karatasi, wote wamevaa nyeusi, na wasikilizaji wanaogopa hata kukohoa. Zumari yenyewe ni bomba jembamba la mbao nyeusi lenye vidude vya fedha vya kubonyeza. Juu kabisa, pale panapoingia mdomoni, pana vipande viwili vya tete vilivyokwanguliwa mpaka vikawa vyembamba kama karatasi, vikafungwa pamoja kwa uzi. Huo ndio ulimi. Bila ulimi, zumari ni mguu wa meza. Na ulimi haukai: leo unaimba, kesho hewa imebadilika umenuna, keshokutwa umepasuka. Kwa hiyo mpiga zumari hutumia nusu ya maisha yake akipiga na nusu nyingine akichonga, na wifi alikuwa akichonga sebuleni, mpaka kaka alipomhamishia chumba cha kati kwa sababu ya makapi ya tete yaliyokuwa yakimchoma nyayo.

Kabla okestra haijaanza kupiga, zumari hutoa sauti moja tu, inayoitwa la, na wengine wote hurekebisha vyombo vyao kwa kuifuata. Kwa kuwa yeye ndiye aliyewapa hiyo la maisha yake yote ya kazi, wenzake wakamwita Mama La. Majirani wetu wasiojua mambo ya muziki walidhani ni kwa sababu ya ukaidi wake, kwamba ukimwomba jambo anakujibu la. Hawakuwa mbali sana na ukweli.

Mimi ni fundi cherehani. Nilihamia kwa kaka baada ya kufiwa na mume wangu, nikapewa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, na kati ya cherehani yangu na meza ya Mama La palikuwa na ukuta mmoja tu, tena mwembamba. Siwezi kusema najua muziki. Lakini sauti ile naijua kama ninavyojua hatua za mama yangu ukumbini. Ilikuwa nyembamba, safi, na yenye huzuni kidogo, kama mtu anayekwambia jambo zuri huku anaaga. Nimeshona nguo za harusi za nusu ya mtaa huu nikiisikia. Sasa nashona kimya, na nakiri kwamba kimya hiki sijakizoea na sitaki kukizoea.

Mama La alianza akiwa binti wa mlinzi wa shule. Ile shule ilikuwa na kabati la vyombo vya muziki ambavyo hakuna aliyevitaka, na zumari ilibaki mwisho kwa sababu kila mtoto aliyeijaribu iliwika kama jogoo mwenye mafua, wenzake wakacheka. Yeye hakuiacha. Mwishowe akapelekwa kwa mzee mmoja aliyewahi kukaa kwenye okestra enzi zake, mkali, mrefu, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanasimama yenyewe. Mzee huyo alimpa matete, kisu na uzi, akamwambia achonge. Hakumwonyesha chochote. Binti akichonga, mzee anauweka ulimi mdomoni, anaupuliza peke yake bila zumari, anasikiliza jinsi unavyowika, kisha anauvunja kwa vidole viwili na kusema, "Mwingine."

Hilo ndilo lililokuwa somo, mchana kutwa. Mwingine. Mwingine. Wanafunzi walimwita Mzee Mwingine, ingawa hapakuwa na mzee mwingine kama yeye, namshukuru Mungu kwa hilo. Mama La alirudi nyumbani akilia kwa muda mrefu sana kabla ya siku ambayo mzee aliupuliza ulimi, akanyamaza, akamrudishia mkononi ukiwa mzima. Hakumsifu. Alitoka nje kwenda kuvuta sigara.

"Nilikula kiapo, wifi," aliniambia mara nyingi, akiwa ameinamia meza yake na miwani imeshuka puani. "Mwanafunzi wangu mimi hatalia kwa sababu ya tete."

Na kweli hakuna aliyelia. Wanafunzi wa Mama La walikuja mikono mitupu na kuondoka na kisanduku chenye ndimi zilizochongwa tayari, kila mmoja umefungwa uzi wa rangi yake. Uzi alichukua kwangu, tena bila kuomba. Nilikuwa nikitafuta uzi wa hariri mwekundu wa nguo ya mteja, naukuta umeishia kwenye mdomo wa mtoto wa mtu. Wengi wa wanafunzi hao walipiga zumari miaka yao ya shule kisha wakaendelea na maisha yao. Mmoja ni daktari wa meno. Mwingine ana duka la vioo. Mama La hakuhuzunika. Alisema zumari ni kama kuogelea, ukijua ni vizuri, si lazima uwe samaki.

Halafu akaja Kitinda Mimba.

Kaka ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu Mama La alikwisha tangaza kwamba hatachukua mwanafunzi mwingine, na huyu akaingia akiwa wa mwisho kabisa, kama mtoto aliyezaliwa wakati nguo za uzazi zimeshagawiwa. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye nywele fupi na mabega yaliyopanda juu kila alipoogopa, na aliogopa kila kitu isipokuwa kupiga. Siku ya kwanza alipoweka zumari mdomoni mimi nilisimamisha cherehani. Nilidhani ni wifi. Nilipochungulia mlangoni nikamwona wifi amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, anamtazama mtoto yule kwa macho ya mtu aliyepotelewa na kitu zamani na sasa kimeletwa mlangoni.

Basi akamfanya wake. Kitinda alikula kwetu, alilala kwetu mvua ikinyesha, aliniita shangazi, na kumwita kaka baba. Mama La alimfundisha jinsi ya kupumua bila kuinua mabega, jinsi ya kumsoma mwongozaji wa okestra kwa pembe ya jicho, jinsi ya kula ndizi kabla ya onyesho na si mkate, na jinsi ya kujibu wapiga fidla wanapojiona wao ndio okestra na wengine ni wageni waalikwa. Alimfundisha kila kitu. Ila kisu hakumpa.

Nilimsikia mtoto akiomba mara kadhaa. "Mwalimu, nionyeshe basi kuchonga."

"Wewe piga," Mama La alijibu. "Mengine niachie."

"Na siku ukiwa haupo?"

"Nimekufa? Piga."

Kaka, ambaye kazi yake ni kutengeneza mafriji na hana sikio hata la kusikia mlango ukigongwa, alicheka tu na kusema mkewe anamtafunia mtoto mwenye meno. Mama La alimkata jicho. Mimi sikuona ubaya wowote. Kila mtu ana namna yake ya kupenda, na namna ya wifi ilikuwa kukaa pale mezani baada ya chakula, akikwangua, akipuliza, akisikiliza ulimi unavyowika, akikwangua tena, mpaka uso wake ulegee na aseme, "Huu wa mtoto."

Wakati wa Mama La kustaafu ukafika. Kiti chake kikatangazwa, na wapiga zumari wakaja kutoka miji mingine kujaribiwa. Okestra ina utaratibu wake: anayejaribiwa hupiga nyuma ya pazia, na hutandikwa zulia sakafuni ili viatu visiseme kama ni mwanamke au mwanamume, ili kamati isikie muziki tu na isimjue mtu. Mama La alikataa kukaa kwenye kamati hiyo, kwa kuwa mwanafunzi wake alikuwamo. Alikaa nyumbani akipanga upya makabati ya jikoni ambayo hayakuwa na kosa lolote.

Kitinda alishinda. Mpiga filimbi aliyekaa kando ya Mama La miaka yote alikuja mwenyewe kutupa habari. Alisema pazia lilipofunguliwa watu walishangaa, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameapa kimoyomoyo kwamba Mama La amejificha mle na kupiga mwenyewe. Wifi alicheka mpaka akatoa machozi. Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, na mimi niliona jinsi alivyoipokea na kuihifadhi.

Lakini kushinda pazia si kupata kiti. Mshindi hukaa kwa majaribio msimu mzima, anapiga na wenzake, na mwisho wa msimu kamati hukaa kwenye safu ya mbele ya onyesho la kufungia na kuamua abaki au aende. Msimu wote ule Mama La, mstaafu wa kupumzika, alichonga kuliko alipokuwa kazini. Kisanduku kilitoka kwetu kimejaa, kikarudi kitupu.

Onyesho la mwisho lilikuwa limekaribia alipopanda kwenye stuli kuchukua boksi la matete juu ya kabati. Matete mazuri hukaushwa miaka, na yeye aliyaweka huko juu ili panya na kaka wasiyafikie. Stuli ikateleza. Nilisikia kishindo, kisha matete yakimwagika. Nilipofika alikuwa ameketi sakafuni, amekishika kiganja cha mkono wa kulia, anatazama matete yaliyotawanyika.

"Yakusanye kwanza," aliniambia. "Mimi sitaenda popote."

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Hospitali walimfunga plasta kutoka kwenye vidole hadi karibu na kiwiko, wakamwambia asishike kitu. Yeye aliuliza jambo moja tu, kama anaweza kushika kisu. Daktari alidhani anauliza habari za kupika.

Kitinda alikuja jioni ile ile na maua. Alimkumbatia mwalimu wake kwa uangalifu, akakaa, akaangalia plasta, na nikaona mabega yake yanapanda polepole. Kisanduku chake kilikuwa na ndimi mbili, na zote zilikwisha anza kuchoka. Msichana aliyekuwa anaelekea kukalia kiti cha kwanza cha zumari cha jiji zima hakujua kuchonga hata ulimi mmoja.

Hapo ndipo Mama La alipoliona kosa lake. Hakulisema siku ile. Alilisema asubuhi, nikimsaidia kuvaa blauzi, mkono wake mzito umekaa begani kwangu.

"Nimemlemaza, wifi."

"Acha maneno hayo. Ulimsaidia."

"Nimemlemaza. Mzee yule alinitesa akanipa mikono. Mimi nimembembeleza mtoto nikamwacha bila mikono." Akalia kwa sauti, yeye ambaye hata kifundo kilipovunjika hakulia. Nilimfuta uso kwa upindo wa blauzi yenyewe, tukalazimika kutafuta nyingine.

Kitinda alitaka kununua ndimi. Wapo watu wanaozichonga na kuziuza, zinatumwa kwa posta. Mama La alimwambia anunue, ajaribu. Zilipofika Kitinda alizipiga mmoja baada ya mwingine chumbani, na hata mimi nyuma ya ukuta nilijua hazifai. Mmoja ulifoka, mwingine ulibana kama mtu mwenye kola ndogo. Kila ulimi huchongwa kwa mdomo wa mtu, na hizi zilichongwa kwa mdomo wa mtu ambaye hatutamjua kamwe.

Basi wakaanza kuchonga. Kitinda mezani na kisu, Mama La kwenye kiti cha mikono kando yake. Siku za kwanza zilikuwa balaa. "Punguza ncha. Kushoto. Kushoto, nimesema! Usikandamize. Hebu... lete..." Na mkono wa plasta unanyanyuka wenyewe, unagonga meza, kikombe cha maji kinamwagika, ulimi unapasuka. Zile ambazo hazikupasuka zililia kama bata aliyekanyagwa. Kitinda alianza kukohoa kikohozi kile cha mtu anayezuia machozi. Siku moja kikamshinda. Alilaza kichwa kwenye makapi ya tete akalia, na Mama La akabaki amemtazama, mdomo wazi, kiapo chake chote kimelala pale mezani.

Nilidhani ataniita nilete chai. Badala yake aliinuka, akaja chumbani kwangu, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Wifi, nikitaka kutoka nikamate."

"Kuna nini?"

"Namwambia achonge kwa mdomo wangu. Kila ninachomwambia ni cha mdomo wangu mimi. Yeye ana meno mengine, ana midomo minene, mate yake mwenyewe. Nikikaa pale hataujua mdomo wake mpaka anazeeka." Akakaa kwenye rundo la vitambaa vya mteja, nikataka kupiga kelele, nikaacha. "Kumbe ndiyo maana mzee yule hakunionyesha," alisema taratibu. "Miaka yote nikimlaani."

Toka siku ile akahamia kwangu. Kitinda alikuwa akichonga peke yake upande wa pili, na Mama La alikaa na mimi akipanga vifungo kwa mkono wa kushoto, masikio yamesimama. Ukuta ule mwembamba ulimtesa. Kisu kikikwangua vibaya anajikunja, kama mtu anayesikia mtoto wake akifundishwa kuendesha gari. Ulimi ukiwika vibaya anavumilia, anavumilia, kisha anapaza sauti, "Mwingine!"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mkwaruzo, mkwaruzo. Kuwika.

"Mwingine!"

Mara ya kwanza alipojisikia akisema neno lile alinitazama kwa hofu, kisha tukaangua kicheko sote wawili mpaka nikapoteza mshono. Kaka akirudi kutoka kazini alitukuta hivyo, akauliza kulikoni, tukashindwa kumweleza. Nakumbuka wiki zile kuliko sherehe yoyote ya maisha yangu. Nyumba ilinuka tete mbichi iliyolowa na chai, mtoto yule akikwangua, wifi akimpigia kelele, mimi nikimshonea Kitinda gauni jeusi la onyesho, lenye mikono mipana ili viwiko viende vinapotaka.

Siku moja ulimi uliwika, na Mama La hakusema kitu. Tulisubiri. Kitinda naye alisubiri upande wake. Kisha tukamsikia anaufunga kwenye zumari na kuanza kupiga taratibu, mazoezi yale yale ya kila siku. Mama La alikuwa ameshika kifungo kimoja tu, hakukiweka chini mpaka mtoto alipomaliza. Haukuwa ulimi mzuri sana, aliniambia. Ulikuwa wa kutembelea, bado si wa kukimbilia. Lakini ulikuwa wake.

Onyesho lilikuwa Jumapili alasiri. Nilimvisha wifi, nikaifunika plasta yake kwa mtandio mweusi uliolingana na gauni lake. Kabla hatujatoka nilimwona akifungua droo ya meza yake na kutoa kibweta kidogo. Ndani yake mlikuwa na ulimi mmoja, uzi mwekundu, aliouchonga kabla ya kuanguka; aliutunza bila kumwambia mtu. Ulikuwa mzuri, hakuhitaji kuniambia. Aliutia kwenye mkoba, na mimi nikashusha pumzi. Nilijisemea, hata mambo yakiharibika, mtoto ana pa kukimbilia.

Ukumbi ulikuwa umejaa na kiyoyozi kilikuwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Kamati walikaa mbele, watu wazima wa heshima na kalamu zao. Tulikaa pembeni karibu na mlango wa jukwaani. Kitinda alitoa la yake, wote wakaifuata, na kipande cha kwanza kikaenda vizuri. Katika cha pili hewa ile kavu ya kiyoyozi ikaanza kuula ulimi. Nilisikia sauti ikinyong'onyea, kisha ikakatika mara moja, kidogo tu, kama neno linalokwama kooni. Kalamu moja mbele ikaandika. Mama La hakusogea, ila mguu wake ulikuwa umenikanyaga na hakujua.

Wakati wa mapumziko mlango wa jukwaani ukafunguka na Kitinda akatoka, gauni nililomshonea limemkaa vizuri, uso umekuwa wa kijivu. Alichuchumaa mbele ya Mama La.

"Mwalimu, ulimi wangu unajifunga. Na nusu ya pili inaanza na mimi. Peke yangu."

"Kisu unacho?"

"Ninacho."

"Maji?"

"Yapo. Lakini nikiugusa nikauharibu je? Sina mwingine kama huo." Alimshika goti. "Mwalimu, najua huwa huachi kuweka wa akiba. Unao?"

Mkoba ulikuwa mapajani pake. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya mkoba.

"Sina," Mama La alisema.

Nilitaka kumfinya. Nilitaka kuunyakua mkoba ule nikamwagie mtoto kila kitu miguuni. Nilimgeukia, "Wifi, wewe!" na alinitazama mara moja tu, macho yamejaa maji na makali kuliko kisu chake, nikafunga mdomo.

"Usikie unavyowika," alimwambia Kitinda. "Usinisikie mimi. Nenda."

Mtoto alibaki pale kidogo, akimtazama usoni. Sijui kama aliamini. Kisha aliinuka, na nikaona mabega yake yameshuka. Akaingia na mlango ukafungwa. Nilimwambia wifi kwa sauti ya chini kwamba kama kiti kitapotea, mimi sitamsamehe. Akajibu kwamba na yeye hatajisamehe, kwa hiyo tutakuwa wawili. Akaikaza kamba ya mkoba.

Watu wakarudi vitini. Taa zikapungua. Mwongozaji alipandisha mkono, akamtazama Kitinda, akaushusha.

Kamati walimpa kiti wiki iliyofuata, na bado amekikalia. Watu wanaosema mambo kwa adabu humwambia kwamba anapiga kama Mama La, na yeye huwashukuru. Wifi yangu aliishi mpaka akamwona akichukua mwanafunzi wake wa kwanza na kumpa kisu siku ya kwanza kabisa. Sasa hayupo, na chumba cha kati kaka amekiacha kama kilivyokuwa. Lakini nikimkumbuka simkumbuki mezani wala hospitalini. Namkumbuka pale, kwenye kile kiti cha pembeni, sauti ile ya kwanza ya nusu ya pili ilipotoka kwenye ulimi ambao mtoto alikuwa ameukwangua upya kwa sikio lake mwenyewe.

Haikuwa nyembamba. Haikuwa inaaga mtu. Ilikuwa pana, nzito chini, haina haraka, kama mtu aliyeketi na kuanza kusimulia ya kwao. Sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu wala nyuma ya ukuta wowote. Nilielewa wakati ule ule kwamba ile niliyoipenda miaka yote, ile niliyoshonea, haitakuja tena duniani kupitia mdomo wa yeyote, na machozi yakanitoka nikiwa naitafuta ndani ya hii mpya.

Mama La alinishika mkono. Alikuwa analia na anatabasamu, sikujua ni lipi lilianza.

"Huyo si mimi," alininong'oneza.

"Si wewe, wifi."

"Miaka yote nilikuwa najisikiliza mwenyewe. Nikidhani namsikia mtoto."

Nilifungua mdomo nimwambie jambo la kumliwaza, sikumbuki hata ni lipi. Alinibana vidole mpaka vikauma, macho yake hayakuondoka jukwaani.

"Nyamaza," alisema. "Ndiyo kwanza namsikia."